Grisi Chini ya Gurudumu la Mbele

Afisa wa usafiri hakuniita pembeni. Aliniita mbele ya wauguzi wote, asubuhi walipokuwa wakipakia masanduku ya chanjo. Alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele la kushoto, akivuta suruali yake juu ya magoti isije ikaharibika pasi, akaelekeza kalamu kwenye doa jeusi lililokuwa sakafuni. Akasema gari linalia machozi kwa sababu dereva wake ni mvivu. Wauguzi wawili wakacheka, si kwa ubaya, bali vile watu wanavyocheka mkubwa anapotaka kuchekewa. Mimi nilisimama na funguo mkononi, mtu mzima, baba wa watoto watatu, nikahisi masikio yanawaka.

Nilikuwa dereva wa shirika moja la afya lililopeleka wauguzi na chanjo kule ambako hakukuwa na zahanati. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Ofisi zetu zilikuwa kando ya Barabara ya Ngong, nami nilipanga chumba kimoja Kianda, upande ule wa Kibera unaotazama msitu. Gari langu lilikuwa la kuvuta kwa magurudumu yote manne, gari la kupita mchangani na kwenye mito mikavu ya kwetu Kitui. Nasema langu kwa sababu kwa miaka mitano hakuna mtu mwingine aliyeliendesha safari ndefu. Niliijua sauti yake ya asubuhi na ya jioni.

Na uvujaji ule niliuona mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Hilo ndilo lililonichoma. Kila gari lilikuwa na kitabu chake, na dereva alitakiwa kuandika humo ubovu wowote aliouona. Nilikuwa nimeandika mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kwamba kiungo cha stering cha kushoto kinatoa grisi. Mara ya pili niliandika kwamba kinatoa zaidi, na cha kulia nacho kimeanza. Mara ya tatu niliomba gari lifunguliwe kabla halijapewa safari nyingine. Chini ya kila ukurasa afisa alikuwa ametia sahihi yake, ile sahihi ndefu yenye mkia. Alitia sahihi bila kusoma, halafu akaja kunionyesha kwa kalamu jambo nililomwandikia kwa mkono wangu.

Mtu asiyeyajua magari haya anahitaji kuambiwa jambo moja tu. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma, kubwa kama kichwa cha mtoto, limekaa ndani ya kikombe cha chuma. Dereva akikata kona, kikombe huzunguka juu ya tufe na gurudumu hugeuka. Ndani mnakaa grisi nzito, na kwenye ukingo kuna sili ya mpira inayoizuia isitoke. Grisi ikitoka, kiungo kinabaki kikavu, na chuma kinaanza kula chuma.

Gereji ya shirika ilisimamiwa na bwana mmoja wa koti jeupe, mwenye cheti kilichowekwa kwenye kioo ukutani. Alilitazama gurudumu akiwa amesimama wima, mikono mifukoni. Akasema dereva ametia grisi kupita kiasi na ile ya ziada inajitoa yenyewe. Akaagiza lipanguswe. Likapanguswa. Kesho yake doa likawa pale pale. Akasema basi ni vile vipira vya kwenye fito za stering. Vikabadilishwa vyote, vipira ambavyo havikuwa na kosa lolote, na kesho yake doa likawa pale pale, kubwa zaidi. Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi sijatia grisi hapo kwa miezi miwili. Akanitazama kama mtu aliyesikia meza ikisema.

"Kazi yako ni kushika usukani," alisema. "Kujua ni kazi yangu."

Jioni ile nilifika nyumbani nikashindwa kula. Mke wangu, ambaye alikuwa mshonaji na alikaa na cherehani mlangoni mchana kutwa, aliniuliza ni nini. Nilimweleza. Alitaka kujua safari inayofuata ni lini. Nikamwambia ni Jumanne, kwenda Kitui, kule ng'ambo ya mito, na sista mkubwa, msimamizi wa wauguzi, pamoja na wauguzi wawili. Alizima taa ya cherehani akaniambia kwamba jirani yetu seremala, mtu wa Magharibi, anasali kanisa moja na fundi mmoja wa Kawangware aliyewahi kutengeneza malori ya jeshi. "Baba watoto," akasema, "hilo gari likianguka na wale akina dada, hakuna atakayekumbuka kwamba uliandika kitabuni."

Kupeleka gari la shirika kwa fundi wa nje lilikuwa kosa. Nililijua hilo, na sitajifanya sikulijua. Lakini Jumamosi nilitumwa kupeleka katoni za dawa kwenye zahanati moja ya Riruta, na kutoka hapo mpaka Kawangware ni mwendo wa kumaliza sigara. Nilishusha dawa, nikasainiwa, nikapinda kona.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati ya mapipa yaliyofunguliwa, ardhi yake nyeusi kwa mafuta ya miaka. Upande mmoja mama mmoja alikaanga mandazi. Fundi alikuwa mtu mfupi, mwenye nywele za mvi kando ya masikio, sauti ya chini sana, ikabidi nimsogelee ili nimsikie. Nilianza kumweleza waliyoyasema wale wa gereji yetu, akainua kiganja.

"Waliyosema wao wacha kwanza," alisema. "Wewe umeona nini?"

Naomba msomaji anielewe. Katika majuma yote yale hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa na mtu yeyote. Nilimweleza kila kitu: kwamba lilianza kushoto, likafuata kulia, kwamba doa linakuwa kubwa baada ya safari ndefu kuliko baada ya mizunguko ya mjini, kwamba grisi inayotoka si nzito kama ile inayoingia. Hapo alinitazama vizuri. Akachovya kidole kwenye uchafu wa gurudumu, akausugua kati ya kidole na dole gumba, akaunusa. Akanishikia kidole chake puani na mimi. Harufu ilikuwa kali, kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

"Grisi hainuki hivi," alisema.

Lakini hakusema zaidi. Alichukua mafuta ya taa na matambara, akalala chini, akaosha kila kitu nyuma ya magurudumu mawili ya mbele mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Ilimchukua karibu saa nzima. Kisha akaenda kwa yule mama wa mandazi akarudi na unga wa ngano kwenye karatasi ya gazeti, akaurushia juu ya vile viungo kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka vikawa vyeupe. Mama wa mandazi alikuja na mwiko wake kuangalia unga wake unakokwenda. Akasema Nairobi imefika mahali magari yanalishwa huku watu wakitazama.

Tukaingia garini, tukapanda na kushuka mpaka Dagoretti Kona na kurudi, mara mbili, huku akiniambia nikate kona kulia, nikate kushoto, nipite kwenye mashimo bila kuyaonea huruma. Tuliporudi tulilala chini wote wawili. Unga ulikuwa mweupe bado kwenye fito za stering. Ulikuwa mweupe kwenye vile vipira vipya ambavyo gereji yetu ilijivunia. Mstari wa maji maji ulikuwa umeanzia mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa kikombe, chini kabisa, kushoto na kulia vilevile.

Akafungua nati ya kutilia grisi kwenye kikombe cha kushoto. Nilitarajia kuona grisi nzito imekaa kama samli. Kilichotoka kilikuwa mchuzi, mwembamba, wa rangi ya kahawia, ukakimbia kwenye mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Harufu ile ya kiberiti ikajaa. Akahamia katikati ya gari, akafungua nati ya difu, lile boga la chuma linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, akaingiza kidole. Mafuta yalipaswa kugusa ukingo wa tundu. Kidole chake kilizama chote bila kuyapata.

"Mafuta ya difu yamehama," alisema. "Yanapita ndani ya ekseli, yanavuka sili ya ndani, yanaingia kwenye kikombe na kuiyeyusha grisi. Wewe unaona grisi inavuja nje. Lakini ugonjwa uko ndani."

Nikamuuliza kama ni sili kuzeeka. Akasema sili moja inaweza kuzeeka. Mbili, kushoto na kulia, mwezi mmoja, hapana. Kuna kitu kinazisukuma. Akauliza kama kuna jambo lolote gari lilifanyiwa karibuni, hata dogo, hata kuoshwa tu.

Nilikumbuka, na nilipokumbuka nilitamani nisiseme. Miezi miwili iliyopita wafadhili kutoka ng'ambo walikuja kulitembelea shirika. Afisa wa usafiri alitaka magari yapendeze hata chini, eti wageni hawa ni wa kuinama na kuchungulia. Alileta makopo ya rangi nyeusi ya lami na brashi, akatuambia madereva tupake kila kitu kilicho chini ya gari, chuma chochote kisionekane kutu. Tulilala chini siku nzima. Wageni walifika, wakanywa chai, wakapigwa picha mbele ya magari, wakaondoka. Hakuna aliyeinama.

Nilimwambia fundi yote hayo, pamoja na kwamba brashi ilikuwa mkononi mwangu. Hakunilaumu. Alirudi chini ya gari, akapapasa juu ya ekseli kwa kidole kama mtu anayetafuta mwiba, akaniita. Palikuwa na kidude kidogo kama kichwa cha msumari mnene, cheusi tititi. Akasema hicho ni kipumulio. Difu ikipata moto, hewa ndani inavimba, na hapo ndipo inapotoka nje. Kofia yake inapaswa kuchezacheza ukiigusa. Yetu ilikuwa imeganda ndani ya rangi.

Akazifunga nati zote, tukapandisha gari kilima mara moja tena, halafu akakishika kwa spana, akakilegeza polepole. Gari lilikuwa limetoka kwenye kilima lina moto. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu, kama tairi linalotolewa upepo. Yule mama wa mandazi aliusikia akiwa kwenye karai lake, akageuka.

Nilikaa chini kwenye ule udongo mweusi. Sijui kueleza vizuri nilichohisi. Kulikuwa na faraja ya kujua. Lakini juu ya faraja kulikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua kabla, kwa sababu niliona mambo yote kwa mpigo: kwamba gari liliugua ili lipendeze, kwamba mtu aliyetoa amri ile ndiye aliyenifanya nichekwe na watu, na kwamba mkono wangu mwenyewe ndio alioutumia.

Fundi alikiloweka kipumulio kwenye mafuta ya taa mpaka kofia yake ikacheza. Akajaza difu, akatoa ule mchuzi na kutia grisi safi. Kisha akanishika bega, akanieleza kwamba hiyo ni huduma ya kwanza tu. Sili za ndani zilikuwa zimekwisha kupinduka midomo, na hazingerudi. Zikiachwa, mafuta yataendelea kupita mpaka yafike kwenye breki, na siku yatakapofika, gari litavuta upande mmoja dereva akikanyaga kwenye mteremko. Akasema mjini naweza kuendesha. Safari ya Kitui, hapana.

Jumatatu nilifika ofisini mapema. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi usiku wa Jumapili, mke wangu akinisaidia maneno, bila matusi wala kumnyooshea mtu kidole. Niliandika tu kwamba kipumulio kiliziba kwa rangi, mafuta yakasukumwa, sili zikaharibika, na kwamba sili mbili mpya ndizo zinazotakiwa kabla ya Jumanne. Sili zenyewe ni vitu vya kuingia mfukoni mwa shati.

Afisa alisoma karatasi yote, nakiri hilo. Safari hii alisoma. Akamwita yule wa koti jeupe, naye akasoma. Wakatazamana. Nina hakika kabisa, kama nilivyo hakika kwamba leo kumekucha, kwamba wote wawili walijua papo hapo kuwa ni kweli. Yule wa koti jeupe hata aligeuza uso akatazama dirishani, kuelekea magari mengine matatu ambayo nayo yalipakwa.

"Nani alilifungua gari?" afisa akauliza.

Nikasema fundi mmoja wa Kawangware.

"Na nani alipaka rangi hiki kidude unachokisema?"

"Mimi, bosi. Kwa amri."

"Niliamuru upake kipumulio?"

"Uliamuru tupake kila kitu."

Alikunja karatasi yangu mara mbili, akaiweka kwenye droo. Akasema kwamba kwa maandishi yangu mwenyewe nimekiri makosa mawili, kuharibu gari na kulipeleka kwa watu wa vichakani. Akaniambia niweke funguo mezani, niende nyumbani, nirudi nitakapoitwa. Kuhusu Jumanne akasema safari iko pale pale. Dereva mwingine ataendesha. Nilimwambia kuhusu breki. Nilimwambia mara mbili. Akasema anashukuru kwa ushauri, na namna alivyolisema neno kushukuru ningependa kutoikumbuka.

Nilimtafuta yule dereva mwenzangu pale uwanjani nikamweleza. Alikuwa mtu mwema, mgeni kazini, na mke wake alikuwa amejifungua. Alinisikiliza akitazama viatu vyake. Akaniuliza angefanya nini, akatae? Nilimwambia ashuke miteremko kwa gia ndogo, asiiamini breki.

Siku tatu nilikaa Kianda kama mgonjwa. Mwanamume asiye na kazi mchana pale kwetu anaonekana na kila mtu. Wanaoteka maji walinisalimia kwa upole uliozidi. Nilitembea mpaka Makina na kurudi bila shughuli, nikapita misikiti na maduka madogo, nikarudi, nikakaa kwenye ngazi nikisikiliza cherehani. Mke wangu alinipa vifungo vya kushona, nami nikavishona.

Ijumaa alasiri sista mkubwa alikuja kwa miguu. Alikuwa mama wa makamo kutoka Machakos, mnene kidogo, mkali kazini, na sikuwahi kumfikiria akiruka mitaro ya Kibera. Alikuwa na bandeji juu ya jicho na mkono mmoja ameufunga kwa kitambaa cha kichwa. Alikaa kwenye kitanda chetu, kwa kuwa kiti kilikuwa na nguo za wateja, akaomba maji.

Walikuwa wamefika mteremko wa mto wa pili. Dereva alishuka kwa gia ndogo, kama nilivyomwambia, lakini chini kulikuwa na mbuzi, akakanyaga breki. Gari likavuta kulia kwa nguvu, likapanda tuta, likalala kwa ubavu polepole, alisema, kama ng'ombe anayejilaza. Hakuna aliyekufa. Muuguzi mmoja alivunjika mfupa wa bega. Masanduku ya barafu yalitupwa nje yakafunguka kwenye mchanga, na chanjo zote zikakaa juani mpaka jioni, walipopata lori la kuwatoa. Kilomita chache mbele, kwenye shule walikotarajiwa, akina mama walikuwa wamekaa tangu alfajiri na watoto mgongoni. Wengine walitembea siku nzima kufika. Jioni mtu aliwaendea kwa baiskeli kuwaambia warudi makwao.

"Nililichungulia lile gurudumu," sista akasema. "Breki ilikuwa inatiririka mafuta. Dereva akaniambia kwamba ulisema."

Akaniuliza kama ni kweli kuna karatasi. Nikamwambia iko kwenye droo. Akaniuliza kama nina nakala. Sikuwa nayo, lakini mke wangu aliinuka, akafungua sanduku la vitambaa, akatoa ile karatasi ya kwanza tuliyoandika kwa penseli kabla ya kunakili. Sikujua kwamba aliihifadhi. Sista aliisoma mara mbili akiwa pale kitandani. Kisha akauliza Kawangware tunafikaje.

Tulienda siku iyo hiyo, yeye na bandeji yake. Alimwuliza fundi maswali kama anayemwuliza daktari, naye fundi akamjibu kwa ile sauti ya chini, akichora kwa kijiti kwenye udongo. Mwishowe sista akamwomba aje kulisema hilo mbele ya wakubwa. Fundi alikubali. Siku ya kikao alivaa kanzu yake nyeupe ya kanisani, kwa kuwa ndiyo nguo yake safi.

Kikao kilifanyika Jumatano iliyofuata. Fundi hakuvuka lango. Askari alikuwa amepewa amri kwamba mashahidi ni wafanyakazi wa shirika pekee. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama kando ya barabara na kanzu yake nyeupe, vumbi la magari likimpitia, saa mbili nzima, mpaka tulipomaliza. Kati ya yote yaliyonifikia mwaka ule, hilo ndilo lililonikaa rohoni zaidi ya yote. Mtu yule ndiye pekee aliyelala chini ya gari na kutafuta ukweli kwa vidole vyake, na ndani ya chumba walikaa wakubwa wanane wakijadili gari ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeligusa.

Sista aliongea. Hakupandisha sauti. Aliweka mezani kitabu cha gari, akafungua kurasa zangu tatu, akamwuliza afisa kama zile sahihi ni zake. Akaweka na ile karatasi ya penseli. Mkurugenzi, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, alisoma, akavua miwani, akamwuliza yule wa koti jeupe kama kipumulio kikiziba kinaweza kuleta haya. Yule bwana akasema ndiyo, kinaweza.

Nilidhani kwamba baada ya neno lile kuna jambo litatokea. Nilidhani mtu atasema tulikosea. Nilirudishwa kazini, hilo ni kweli. Gari lilivutwa kutoka Kitui likanyooshwa na kutiwa sili mpya, na vipumulio vya magari yote vikasafishwa asubuhi moja, kimyakimya, milango ya gereji ikiwa imefungwa. Juma lililofuata tangazo likabandikwa ukutani, na sahihi ndefu yenye mkia chini yake, likiwakumbusha madereva kwamba ni wajibu wao kukagua vipumulio vya ekseli na kwamba uzembe hautavumiliwa. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa kosa la kupeleka gari kwa fundi asiyeidhinishwa, nikaambiwa nisaini kwamba nimeipokea. Afisa aliniazima kalamu yake.

Nilisaini. Watu wengi niliowasimulia wananiuliza kwa nini, nami huwajibu waniulize wakiwa wao wenyewe na watoto watatu Kianda na kodi ya nyumba. Lakini huwa naona aibu ninapowajibu, halafu naona hasira kwa kuona aibu.

Nilipokwenda Kawangware kumweleza fundi jinsi kikao kilivyokwisha, na kumwomba radhi kwa lile lango, alikuwa chini ya lori la mkaa. Hakutoka. Alinisikiliza akiwa huko huko, miguu yake tu ikionekana. Nilisema mengi, nadhani nilisema kwa ukali, na yule mama wa mandazi aliacha kukaanga ili asikie. Nilipomaliza fundi aliniuliza jambo moja, kama wale watoto wa kule shuleni walichanjwa.

Nikamwambia tunarudi wiki ijayo.

Tulirudi. Sista alikaa kando yangu, jicho lake limepona. Breki zilikanyagika sawa, na gari lilishuka ule mteremko wa mto wa pili bila kugeuza kichwa. Shuleni mwalimu alikuwa ametoa madawati nje kama mara ya kwanza. Tulikaa tangu asubuhi mpaka jua lilipoinama, na akina mama waliokuja hawakufika hata nusu ya wale waliokuja siku ile. Sista alimwuliza mmoja, kwa Kikamba, wenzake wako wapi. Yule mama alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Alisema walishatembea mara moja wakaambiwa hakuna, na hawana miguu ya kutembelea maneno. Aliniangalia mimi alipokuwa akisema, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu na gari.